Noti Nyeupe Mgongoni

Germana alimwita Dorosela mwizi mbele ya washarika wote, Jumapili ya mavuno, mwaka 1995, nje ya kanisa lao pembeni mwa mji wa Njombe. Dorosela, au Mama Ema kama walivyomwita, hakuwa mwizi. Lakini Germana alikuwa mweka hazina wa umoja wa akina mama, na neno lake lilibeba uzito kuliko la mjane anayeuza viazi.

Ibada ilipokwisha, vitu vilivyotolewa sadaka vilinadiwa uani kama kawaida: madebe ya mahindi, maboga, sungura mmoja, kuku. Dorosela alishinda tetea mwekundu kwa shilingi elfu moja. Akafungua pindo la kanga, akatoa noti mpya, akampa Germana. Germana akaigeuza. Mgongo wa noti ulikuwa mweupe pee, hauna picha wala maandishi.

"Tazameni mwizi," Germana alisema, akiiinua juu. "Mama Ema anamlipa Mungu kwa karatasi ya bandia."

Watu wakacheka. Mzee Lenard, mzee wa kanisa, akamwuliza kama mashine ya kuchapia anaiweka chumbani au jikoni. Dorosela akamrudisha kuku mwenyewe, na Germana akaitupa noti chini, kwenye maganda ya maharage. Ikabidi Dorosela ainame kuiokota huku wakimtazama.

Noti ile alilipwa Makambako na Nasiri, mwenye lori, aliyenunua magunia yake sita ya viazi. Ushirika wa wakulima ulikuwa umebaki jina tu, na kila mwenye lori alikuja na bunda lake, noti bado zimefungwa ukanda wa benki. Wauza viazi walizihesabu kwa pembe, dole gumba likipita haraka, maana foleni ya magunia ilikuwa ndefu na dereva anapiga honi. Noti chakavu ndiyo waliyoigeuza na kuichunguza. Noti mpya nani angeigeuza?

Baada ya Jumapili ile, wateja sokoni walianza kuinua chenji yake kwenye jua. Wengine walifanya hivyo hata kwa sarafu, ili wenzao wacheke. Yudita, aliyekuwa akipanga mafungu ya viazi kando yake kwa miaka minane, akahamia upande wa wauza vitunguu, akasema huko kuna kivuli. Njombe, mwezi wa sita, baridi inauma, mtu anatafuta kivuli.

Akarudi Makambako kwa Nasiri. Nasiri hakukana. Akampeleka kwa Halfan, muuza vipuri aliyekuwa pia akinunua hela za zamani.

"Kaa, mama," Halfan alisema. "Umeifua?"

"Noti nayo inafuliwa?"

"Wapo wanaofua. Yupo mmoja wa Matamba aliniletea rupia ya Mjerumani, kaisugua kwa majivu mpaka sura ya mfalme imetoweka. Nikamwambia akaishone iwe kifungo cha koti."

Akaitazama kwa lenzi kwa muda mrefu, pande zote mbili.

"Hii ni halali. Mashine imepiga uso ikasahau mgongo. Wapo wanaokusanya noti za kasoro kama hii, nao hulipa ghali. Lakini kauli yangu haitoshi. Ipelekwe kwa mabingwa, Ulaya huko, waithibitishe, waipangie daraja, waifunge kwenye plastiki ngumu pamoja na cheti. Daraja likiwa zuri, utaezeka nyumba nzima bati."

"Niliifunga kwenye pindo."

"Basi umeshalishusha daraja. Usiikunje tena. Gharama juu yangu, mauzo tunagawana nusu kwa nusu."

"Itachukua muda gani?"

"Nusu mwaka. Labda zaidi."

"Na hicho cheti kimeandikwa kwa lugha gani?"

"Kiingereza, mama. Ulitaka Kibena?"

Dorosela akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu mavuno, akaomba siku nne za kufikiri. Halfan akampa bahasha ngumu ya kuitilia noti.

Siku hizo nne hakuwaza sana bati. Aliwaza nusu mwaka wa kuuza viazi huku chenji yake ikiinuliwa juani, halafu karatasi ya Kiingereza ambayo hata yeye asingeweza kuisoma. Nani angeitafsiri pale kanisani? Germana, ndiye aliyefika darasa la saba.

Siku ya tatu Germana mwenyewe alibisha hodi, ameshika kilo ya sukari, Mzee Lenard nyuma yake. Habari za Makambako zilikuwa zimewafikia.

"Kamwene, mama yangu," Germana alisalimia Kibena, kwa sauti laini ya mtu anayemwamsha mgonjwa. "Tumekukumbuka."

"Mmenikumbuka mimi au noti?"

Mzee Lenard akakohoa. "Mama Ema, ile noti ulikwisha kuitoa kwa kanisa. Kwa haki ni ya kanisa. Tumeona tusigombane, iuzwe, nawe upate sehemu yako."

"Kwani kanisa linapokea bandia?"

Germana akaisogeza sukari mezani. Dorosela alitazama vidole vile, vilevile vilivyoitupa noti chini. Hata matusi yao angeyavumilia kuliko utamu huu.

"Kesho twende wote benki," alisema. "Kabla ya kugawana, tujue kama ni halali. Na sukari yako uondoke nayo."

Germana alifika benki kabla yake.

Karani wa dirishani, dada aitwaye Erica, aliigeuza noti, akaenda nayo kwa mkubwa wake, akarudi.

"Ni halali. Imetoka kiwandani na kasoro. Tutaipokea, nikupe nyingine ya elfu moja."

"Nipe na barua ya kusema hivyo."

"Kwa noti moja hatuandiki barua, mama."

Germana akamvuta Dorosela mkono wa sweta. "Usimpe. Una wazimu? Hiyo ni mali."

"Umemsikia alivyosema?"

"Nimesikia."

"Kasema nini?"

"Kasema ni halali, haya, nimesikia. Sasa irudishe kwenye bahasha."

Dorosela alijua akiiondoa dirishani, kufikia jioni itasemwa kwamba benki imeikataa. Noti halali ni ile benki inayoilipa. Na akiipeleka kwa Halfan, watu hawa watakuja kila wiki na sukari, watamwita mama yangu, watanusa mlangoni kwake mpaka afe. Akampa Erica ishara aichukue. Germana akatoa sauti kama mtu aliyekanyagwa kidole. Dorosela akapokea elfu moja ya kawaida, akaigeuza mbele yake, uso na mgongo, akatoka.

Bati hajaezeka. Halfan alipopata habari alishika kichwa, kisha akamwagizia chai.

Jumapili iliyofuata Germana alisoma matangazo yote, hata la mbuzi aliyepotea, na la noti hakulisema. Nje alimnong'oneza Yudita kwamba Dorosela ameipoteza mali ya kanisa kwa ukaidi.

Dorosela hamdai fedha. Germana anadaiwa neno moja, kwamba alisema uongo, na alitamke uani pale pale panaponadiwa sadaka, kwa sauti ile ile, watu wakiwa wamejaa. Mzee Lenard anadaiwa awe amesimama kando yake akilisikia. Mavuno mawili yamepita, na hakuna hata mmoja wao aliyelipa.