Bakuli Lililokuja na Chai

Juzi dukani Tukuyu niliona pakiti ya majani ya chai iliyofungwa kwa selotepu pamoja na bakuli jekundu la bure. Mkono wangu ukasita.

Nikiwa mdogo nilirudi nyumbani na bakuli kama lile, likinuka plastiki mpya, mvua ikipiga bati. Bibi aliligeuza huku na huku.

"La nani hili?"

"La bure, Bibi. Limekuja na chai."

"Basi wenyewe watalifuata. Na chombo cha watu hakirudi kitupu."

Akaenda kukata majani ya ng'ombe, akaniacha na maneno yale. Kila pikipiki iliyopanda kilima chetu cha Lufingo niliisikia kama ya wenye chai. Wakifika nitawapa nini? Leo najua bei ya bakuli ilikuwa ndani ya chai. Siku ile nilijua tu kwamba tutaaibika. Nikachota maharage makavu ya chakula cha jioni, nikalijaza, nikakimbia kwenye matope hadi kwa Bi Zuhura, mwenye duka kutoka pwani aliyeniuzia ile chai.

"Shikamoo. Nimerudisha bakuli."

Hakucheka. Aliyamimina maharage kwenye ungo, akalifuta bakuli kwa ncha ya kanga, kisha akalijaza kaimati za moto zinazonukia iliki.

"Mpelekee bibi yako," alisema. "Kwetu pia chombo cha watu hakirudi kitupu."

Nililia njia nzima. Bakuli lilikuwa limejaa tena, nami sikuwa na kitu kingine cha kulirudishia.