Ukuta Niliouziba kwa Simenti

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka huona haya hata nikiwa peke yangu. Ilikuwa katika miaka ya tisini, hapa hapa Ibra, Omani, tende zimeshavunwa, nami nimesimama mlangoni mwa nyumba yetu ya zamani namwambia mzee wa watu, "Mzee Khalfani, wakati wa matope umeshapita." Nilisema kwa sauti ya mtu anayejua. Nami sikuwa najua kitu.

Nikueleze kwanza tulivyokuwa. Tulirudi kutoka Unguja nikiwa mtoto mdogo, na baba akatufikisha katika nyumba ya wazee wake, kwenye mtaa wa kale wenye lango moja na minara miwili ya walinzi ambayo walinzi wake wamekufa zamani. Nyumba ilikuwa ya matofali ya udongo juu ya msingi wa mawe, na boriti zake ni magogo ya mitende. Umri wake hakuna aliyeujua. Wengine wakisema ina miaka mia tatu, wengine wakisema msingi wake ni mkongwe zaidi, nyumba imekuja kukaa juu yake tu. Mama alipoiona mara ya kwanza alilia. Sisi tulizoea nyumba nyeupe, zinazopakwa chokaa kila Shaabani, na hii ilikuwa na rangi ya vumbi la njiani.

Lakini ghorofani palikuwa na chumba, na katika chumba hicho ukuta mmoja ulikuwa na majina. Ilikuwa ada ya ukoo wetu: mtoto akizaliwa, baba yake hupaka ukutani lipu mbichi kiasi cha kiganja, akaandika kwa ncha ya kisu jina la mtoto na dua fupi kabla lipu haijakauka. Majina ya juu yalikuwa ya Kiarabu cha zamani, mengine yamefifia. Kisha palikuwa na nafasi tupu, ya wale waliozaliwa Unguja kabla yetu. Chini yake baba alianza upya. Aliniandika mimi, ingawa nilizaliwa Unguja, akamwandika ndugu yangu Salumu, akamwandika Rahma, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu kama alivyofundishwa chuoni kwao. Wa mwisho ni Zuhura. Mama alifariki siku aliyomzaa Zuhura, na baba akapanda juu na kisu chake akaandika, "Zuhura, amana ya mama yake. Mola amkuze." Haukupita mwaka, naye baba akamfuata mama.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Niliacha shule, nikashona kofia, na kila Jumatano nikazipeleka soko la wanawake. Sikulalamika wala sikuyumba, na hilo nalisema si kwa kujisifu, kwa maana ndilo lililokuja kuniponza. Mtu akizoea kuamua peke yake, masikio humwota nyama, asisikie la mtu.

Zuhura alipokuwa akimlilia baba asiyemjua, nilimpandisha ghorofani nikamshika kidole, nikakipitisha juu ya yale maandishi. Nikimwambia, "Hapa ndipo baba aliposema nawe." Alijifunza kusoma ukutani kabla hajaingia shule. Sisi wakubwa tulikuwa na sauti ya baba vichwani mwetu. Yeye alikuwa na ukuta.

Basi Rahma akaposwa na watu wa Sur, mji wa pwani, watu wa biashara na nyumba nyeupe. Shangazi yetu, aliyekuwa amejenga jumba lake jipya kando ya barabara kuu, akaja kutazama tunakaa vipi. Alisimama uani akacheka mpaka akashika mbavu.

"Ala! Nyie bado mwakaa kichuguuni kama mchwa? Watu wa Sur wakija mtawakaribisha wapi, ndani ya tundu?"

"Shangazi, hii si nyumba ya babu yako mwenyewe?"

"Babu yangu alikosa simenti, mwanangu. Weye wakosa nini?"

Neno lile lilinichoma. Wakati huo ndio uliokuwa msimu wa kukandika. Kila mwaka baada ya mavuno, watu wa mtaa wetu walichimba shimo, wakachanganya udongo na makapi ya ngano, wakauacha siku kadhaa mpaka unuke, kisha wakakandika kuta zao kwa kusaidiana, leo kwako kesho kwangu. Aliyewaongoza ni jirani yetu Mzee Khalfani, aliyekaa Unguja ujanani mwake na akarudi na Kiswahili chake kizima. Mwaka ule nilimkatalia. Nilikwisha kumleta fundi mwingine, mgeni, autie ukuta simenti nje kote halafu apake chokaa, maana chokaa peke yake haikai juu ya udongo.

"Nasikia waleta simenti, yaa binti," aliniambia.

"Ndiyo, mzee."

"Ukuta huu wanywa maji ya falaji kwa chini, na jua likitoka wayatema. Ukiuvika simenti, utayatemea wapi?"

Hapo ndipo niliposema lile neno la matope. Mfereji wa falaji ulikuwa ukipita mguuni mwa ukuta ule tangu enzi za wazee, nami niliuona kila siku, lakini sikuwahi kujiuliza ukuta unaishi nao vipi. Mzee hakukasirika. Akauliza, "Na wenzio umewauliza?"

"Miye ndiye mkubwa wao."

"Mkubwa ni jalala, binti. Hupokea kila linalotupwa, hata neno la mzee."

Nikacheka. Akachukua gunia lake la makapi akaenda zake.

Nyumba ikawa nyeupe kama yai. Wageni wa Sur wakaja, nami nikasimama mlangoni nimejaa kama jungu la harusi. Mama wa bwana harusi hata hakuitazama ile chokaa. Alikuwa amesikia habari za ukuta wa majina, akaomba apandishwe juu. Zuhura akamsomea yote, la juu mpaka la chini, na bibi yule akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Sisi ya kwetu tuliibomoa tukajenga mpya," alisema. "Utunzeni ukuta huu, wanangu."

Nikamjibu kwa fahari, "Tumeshautunza, bibi. Tumeutia simenti."

Mwaka wa pili, lipu ya chini ilianza kututumka kwa ndani na kutoa unga mweupe kama chumvi. Kila palipotoka nilipaziba kwa simenti nyingine. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliziba pasipo ufa, nikaubomoa ukuta kwa mkono wangu.

Ikaja mvua ya siku mbili. Alasiri ya siku ya pili tulikuwa jikoni, tukasikia kishindo, si kikubwa, kama gunia linaloshushwa na mtu aliyechoka. Upande mzima wa nyumba ulikuwa umekaa chini. Alhamdulillahi, hakuumia mtu. Ilipokuwa ghorofa palionekana mbingu.

Zuhura alikuwa na miaka kumi na saba. Alipiga magoti kwenye tope akichimbua kwa vidole, na kila kipande cha lipu alichokishika kiligeuka uji mkononi mwake. Nilimshika mabega.

"Usilie, Zuhura. Si wayajua kwa moyo? Zuhura, amana ya mama yake..."

Akanigeukia. "Maneno ninayo, dada. Mkono wake ndio sina."

Salumu alikuwa jeshini, akaja siku ya tatu. Alikizunguka kifusi, kisha akaniambia neno moja tu, kwa upole: "Lilikuwa jina langu pia, dada." Mwanangu, ningependa angenitukana.

Mzee Khalfani alikuja na jembe lake. Hakuniambia, "Si nilikwambia?" Alifukua chini ya ukuta akanionyesha. Simenti ilikuwa imebanduka nzima nzima kama gamba, nyeupe, nzuri, kavu. Nyuma yake matofali ya udongo yalikuwa yamelowa maji. Uzuri wa mkakasi ule. Akalitazama, akanitazama, akasema, "Haya, leta makapi. Kuta tatu zingali zimesimama."

Tukaibandua simenti yote, akanifundisha kukandika. Mpaka leo nakandika kila mwaka, ingawa hakuna akaaye mle.

Miaka ya elfu mbili walikuja watu wa kupima majumba ya kale, na kamba zao na madaftari yao. Waliandika habari za lango, za minara, za nyumba za jirani. Walipofika kwetu wakaniuliza upande wa nne ulikuwa na nini. Niliwaeleza. Mmoja akauliza kama tuna picha. Hatukuwa nayo. Akaandika mstari mmoja, akafunga daftari, wakaenda nyumba ya pili.

Zuhura hakunifungia moyo. Ana watoto sasa, hunijia kila Idi na kunibusu mkono. Lakini sijapata kumsikia akitaja ukuta ule, nami sijathubutu kuutaja.

Basi sikia, mwanangu. Usidhani nakwambia usijenge kipya. Jenga, na simenti ina mahala pake. Nakwambia kwamba kitu kilichosimama kabla yako kina siri ya kusimama kwake, na siri hiyo iko kwa mtu, na mtu huyo atakufa. Muulize angali hai, umsikilize hata kama nguo zake zina tope. Na kama umejaliwa kuwa mkubwa wa wenzio, jua kuwa kuwalea si kuwamiliki. Cha wote kiulize kwa wote. Nilidhani uthabiti ni kutorudi nyuma. Uthabiti ungekuwa kumkimbilia yule mzee njiani, nimpokee gunia lake, nimwambie, "Nimekosa, nirudie."

Mola akupe macho ya kuona thamani ya kitu ungali nacho, akupe na ulimi mwepesi wa kuuliza, na akujaalie wazee wa kukujibu. Akuepushe na majuto yasiyo na mtu wa kuyapokea. Amin.