Dashibodi ya Mzee Mahdi

Saa mbili asubuhi, Lenah Wanzala anakwangua rangi aliyoipaka mwenyewe wiki mbili zilizopita.

Amepiga magoti ndani ya Volkswagen ya mwaka 1965, ile yenye umbo la kobe, katika gereji ya mabati huko Kabiro, Kawangware. Kiti cha dereva kimetolewa. Amezungusha kipande cha msasa kwenye kidole, na kidole kinapita polepole juu ya dashibodi ya chuma, kando ya tundu la redio.

"Hii rangi ilikuwa safi kabisa," anasema bila kuinua kichwa. "Hakuna tone, hakuna vumbi. Lakini mwenye gari aliikataa."

Lenah, mwenye umri wa miaka 41, hupaka rangi sehemu za ndani za magari ya kizamani. Alitoka Busia mwaka 2009 kufanya kazi za nyumbani. Kazi ilipokwisha, akaanza kuwauzia mafundi uji. Siku moja fundi wa sprei ambaye mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka alimwomba ambandikie tepu ya kuzuia rangi isivuke ukingo. Mstari ulinyooka kama uzi. Kesho yake akaitwa tena.

"Hadi leo wateja wanakuja wananiuliza, 'Madam, fundi ako wapi?'" anacheka. "Nawaambia wangoje kidogo, anaosha mikono. Halafu naenda naosha mikono, narudi kuanza kazi."

Siku nzuri humpa shilingi elfu moja na mia tano. Kuna siku hapati kitu.

Gari hili lilitoka Makina, Kibera. Ni la Mzee Mahdi, fundi cherehani mstaafu mwenye miaka 79, ambaye kumbukumbu imekuwa ikimtoka kwa miaka minne sasa. Mkewe, Mabrouka, anasema mumewe huwasahau hata watoto wake, lakini kila asubuhi alikuwa akienda kukaa kwenye gari lililoegeshwa uani. Humo alitulia. Hata chai alinywea humo.

Tatizo ni kwamba rangi ya dashibodi ilikuwa imebambuka na kutu ilimkwaruza vidole. Mabrouka akaamua itengenezwe.

Lenah aliimaliza kwa siku nne. Alichagua kijivu kwenye kitabu cha sampuli, akaziba kibonyeo, pale chuma kilipokuwa kimebonyea upande wa abiria, akamalizia kwa vanishi ya kung'aa. Gari likarudishwa Kibera. Mzee Mahdi alifungua mlango, akatazama ndani, akaufunga.

"Hii si gari yangu," alisema. "Mwambieni mwenyewe aje achukue yake."

Hakuingia tena. Alizunguka uani akitafuta gari lake, na siku ya tano akatoka langoni. Walimkuta karibu na reli, akiuliza wapita njia kama wameliona.

Mabrouka alimpigia Lenah simu. "Nilimwambia, mwanangu, kazi yako ni nzuri, lakini umenipotezea mzee wangu."

Lenah anasema angependa kutukanwa kuliko kuambiwa hivyo. Alifika Makina siku hiyo hiyo, akakaa na Mzee Mahdi kwenye benchi na kumpa kipande cha bati alichokipaka rangi ileile. Mzee alikipapasa kwa muda.

"Inateleza," akasema.

Hapo ndipo Mabrouka alipomweleza kuhusu kibonyeo. Mwaka 1978, wakiwa njiani kwenda Kisumu, Mahdi alifunga breki ghafla na chupa ya chai aliyoishika mkewe ikagonga dashibodi na kuibonyeza. Tangu siku hiyo, hata akiwa anaendesha, hakuacha kunyoosha mkono na kupagusa pale.

"Na mimi ndio nilipaziba," Lenah anasema.

Sasa ameng'oa kipimo cha mwendo. Nyuma ya kipimo hicho, mahali ambapo jua halikuwahi kufika, rangi ya kiwandani bado ipo: kijivu chenye ukijani kidogo. Anachanganya rangi ya kufanana nayo kwa jicho, tone baada ya tone, akijaribu kwenye vipande vya bati hadi cha saba. Safari hii hapaki vanishi. Kibonyeo anakifukua kwa ncha ya bisibisi. Kazi hii ya pili hailipishi.

Ijumaa gari linarudi Makina. Mzee Mahdi anafungua mlango. Anasimama. Kisha anaingia, anashika usukani, na mkono wake wa kushoto unakwenda wenyewe hadi kwenye kibonyeo.

"Mabrouka," anasema, "ulimwaga chai yote."

Mkewe anashika mlango. Ni miezi mitatu tangu amwite kwa jina. "Nilimwaga, Mzee," anajibu. "Ni wewe na breki zako." Lenah anageuka na kuanza kufuta kioo ambacho tayari ni kisafi.

Kesho yake Mzee Mahdi alikuwa amelisahau jina hilo tena. Lakini alikwenda garini, akakaa, akanywa chai yake.

Lenah hajawahi kuendesha gari. Mwezi ujao anaanza mafunzo ya udereva, kwa sababu injini ya Volkswagen hiyo ni nzima na nyumbani kwa Mzee Mahdi hakuna anayeiendesha.

"Nimepaka dashibodi miaka kumi na tatu, magari yakiwa yamesimama," anasema. "Nikipata leseni, nitawapeleka hadi Naivasha. Mama Mabrouka ashaniambia yeye atakaa nyuma, Mzee akae mbele na mimi."