Mwaka Sukari Iliponivuruga Kichwa

Mwezi uliopita, kwenye kliniki ya sukari ninakohudhuria mjini Malindi, muuguzi aliniomba nikae na mama mmoja ambaye mwanawe alikuwa amegunduliwa kuwa na ugonjwa huu wiki hiyo hiyo. Mama yule hakuniuliza habari za sindano wala za chakula. Aliniinamia, akauliza kwa sauti ya chini, "Dada, akili zake zitarudi?" Nami nikajiona niko Mambrui tena, mtoto wa miaka tisa.

Nililelewa na nyanya, kwa kuwa mama alikuwa kibarua kwenye mashamba ya chumvi kule Marereni. Asubuhi zetu zilianza kwa mkwaruzo wa ufagio wa chelewa uani na harufu ya mbaazi za nazi jikoni. Nikishafagia, nilishika njia ya chuo cha Kurani, mahamri mawili mkononi, bado ya moto. Chuoni nilikuwa na jina. Wageni wakija, Maalimu aliniinua mimi nisome, na nyanya alitembea siku nzima akinisifu kwa watu.

Kisha nikaanza kusahau. Aya nilizozijua tangu zamani ziliniponyoka. Nilikunywa maji nisitosheke, nikakonda, nikawa nasinzia juu ya msahafu. Maalimu alidhani ni uvivu. Nyanya alisema ni jicho la watu, akanifukiza ubani. Siku moja nikaanguka uani na ufagio mkononi, nikakimbizwa hospitali.

Nilirudi nyumbani na sindano mbili kwa siku. Hatukuwa na friji, kwa hiyo dawa ilikaa kwenye chungu cha udongo kilichozungushiwa kitambaa kibichi. Kaimati za shira nikakatazwa. Lakini kichwa hakikurudi pamoja nami. Nyanya alinisimulia kwamba daktari alikuwa amenitajia maneno matano nimrudishie, nikapata mawili. Akamweleza nyanya kwamba sukari ikipanda sana huulemea ubongo, na ikishuka ghafla ubongo hukosa chakula. Watoto wengi hupata nafuu, alisema, ila tungoje.

Tukangoja. Jumamosi moja Maalimu akaniita nisome Yasini mbele ya wazazi. Nilianza vizuri. Katikati sauti ikakatika, jasho likanitiririka, na nyuso zote zikawa kama ziko chini ya maji.

"Endelea, binti," Maalimu akasema.

Nilitaka kusema kitu, nikakosa neno lenyewe. Watoto wakacheka. Nyanya akaja mbio, akanishika mashavu. "Mwanangu, mimi nani?"

Nikamtazama tu.

"Sukari! Nileteeni sukari!"

Jirani yetu akamdaka mkono. "Bibi we, utamuua mtoto! Si mliambiwa sukari ni sumu kwake?"

Nyanya akasita. Karatasi ya daktari ilikuwa nyumbani, na hata ingekuwapo asingeweza kuisoma. Alikuwa na alichosikia tu, mara moja, siku aliyokuwa amechanganyikiwa. Kisha akautoa mkono wa jirani. "Alisema akitoka jasho na kupotewa na maneno, apewe. Nikikosea, dhambi ni yangu."

Maalimu mwenyewe ndiye aliyekimbia, akarudi na kikombe cha chai tamu. Nyanya akaninywesha kidogo kidogo nisipaliwe. Wameniambia kikombe kilikaribia kwisha. Hatimaye nikasema, "Nyanya, mbona leso yako imelowa?" Akaangua kilio mbele ya wanaume wote.

Maalimu alinirudisha mwanzo wa sura, aya mbili kwa wiki, na akaagiza nisitoke nyumbani bila kipande cha sukari guru mfukoni. Ilinichukua mwaka mzima kuimaliza. Kichwa kilirudi. Si chepesi kama zamani, lakini kilirudi.

Sasa nyanya ameshatutoka, na chuo kile cha makuti kimekuwa jengo la ghorofa. Lakini kilichonipotea kabisa ni zile siku za hospitali. Mama aliacha kazi Marereni, akakaa kando ya kitanda changu siku nane. Husema hatujawahi kuzungumza vile, kwamba nilimweleza yote ya moyoni, naye akanieleza yake. Kila Idi, tukiwa wawili jikoni, huniuliza, "Wakumbuka nilichokwambia, mwanangu?"

Sikumbuki hata neno moja. Ningeweza kumwomba anieleze tena, lakini sithubutu.

"Nakumbuka, mama," namjibu.