Ardhi ya Majina Mawili

Mokami aliuza uji na chapati Bomani, mjini Tarime, kwa miaka mingi, hata watu wa ofisini wakamzoea kwa jina la Mama Uji. Magoti yalipoanza kugoma kusimama jikoni kutwa nzima, akaamua kuuza nyumba ya mjini na kurudi shamba. Mjini, alisema, wewe unaweza kulala lakini kodi hailali. Ukinunua umeme, kodi ya jengo imo humo humo. Kiwanja kilichopimwa kina pango lake kila mwaka. Mgahawa una leseni, na hata taka zina ushuru. Alikuwa amechoka kulipia mahali pa kuketi.

Ila shamba gani? Hilo halikuwa swali lake peke yake, maana alikuwa na Ghati.

Mokami hakujaliwa mtoto. Mumewe, Waitara, alipofariki, alifanya wanavyofanya wajane wengine wa Kikurya wenye hali kama yake: alitoa ng'ombe, akamwoa Ghati, mwanamke mzima mwenye maneno machache, ili amzalie watoto kwa jina la marehemu na nyumba yake isizimike. Nyumba ntobhu, ndivyo ndoa hiyo inavyoitwa. Ghati akamzaa Nice, na hao watatu wakawa kaya. Ghati alimwita Mokami mama na kumwamkia shikamoo kila asubuhi, ingawa wote wawili walijua kwamba siku hizi mwenye kuibeba nyumba ni Ghati.

Walianzia kijijini Nyarero, kwa Nyamhanga, mdogo wa marehemu. Aliwapeleka kwenye kipande kizuri chenye migomba, karibu na kaburi la kaka yake.

"Hapa hulipi kitu, shemeji," alisema. "Ni ardhi ya ukoo. Lima tu."

Moyo wa Mokami ulishatua. Akajiona anapalilia pale, jirani na mumewe, mpaka siku zake ziishe. Ndipo Ghati akauliza kwa upole, "Baba mdogo, na mama akitutoka, mimi na Nice?"

Nyamhanga aliitazama migomba. "Ukoo utakaa, utaamua."

"Utaamua nini?"

"Ndiyo hivyo. Utaamua."

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililomuumiza Mokami. Alikuwa amewaona wanawake kama Ghati wakimzika mama yao, na kabla matanga hayajaisha wanaume wanapima shamba kwa hatua. Walipokaribia mjini alimgeukia Ghati.

"Ardhi ya bure ina bei yake," alisema. "Ila atakayelipa ni wewe."

Jirani mmoja alimshauri Nyangoto, karibu na mgodi, ambako chakula hakikosi mnunuzi. Akakataa. Ardhi ya huko haiishi migogoro na mgodi, naye hakutaka kununua shamba pamoja na kesi yake.

Wakaenda Serengeti, kijiji kimoja mbele ya Mugumu. Mwenyekiti wa kijiji, Nikodemo, mfugaji mpole, aliwatembeza kwenye ardhi pana, kavu kuliko ya Tarime, yenye migunga. Mokami alimuuliza habari za kodi kabla hajauliza habari za maji.

"Pango kama la mjini hatuna," Nikodemo alijibu. "Ila ng'ombe wako akiuzwa mnadani, ushuru upo. Mazao nayo yana ushuru. Wanasema analipa mnunuzi, lakini bei anayokupa ameshautoa humo. Na darasa likijengwa, kila kaya inabeba mawe."

"Mawe tutabeba. Nini kingine?"

"Tembo. Wanatoka hifadhini, wanapita hapa hapa. Nisikudanganye, mama."

Mokami alimpenda kwa neno hilo.

Nyamhanga alipopata habari alipiga simu. Hakufoka. Aliuliza tu, "Shemeji, na ukifa tutakuzika wapi? Kaka ana nafasi yako pembeni."

Mokami akakata simu. Kwa siku kadhaa alikoroga uji na swali hilo kichwani. Katika maisha yake yote hakuwahi kuwaza kaburi lake likiwa mbali na la Waitara. Mwishowe alimwita Ghati jikoni.

"Waitara ananingoja, najua," alisema. "Lakini yeye hasikii njaa. Wewe na Nice mtahitaji kula. Tunakwenda Serengeti."

Ghati aligeukia moto, akauchochea ingawa ulikuwa ukiwaka vizuri.

Maombi yao yalifikishwa kwenye mkutano wa kijiji. Mzee mmoja alisimama, akamnyooshea Ghati fimbo kwa heshima. "Huyu ni binti yako?"

"Ni mke wangu," alisema Mokami. "Naomba tuandikwe wote wawili."

Mkutano ukanong'ona. Wengine waliijua desturi hiyo, wengine walicheka chini kwa chini. Mtendaji wa kijiji, dada mmoja aitwaye Lilian, alingoja wanyamaze, kisha akasema kwamba watu wawili kumiliki shamba pamoja si jambo geni, na kwamba walichoitiwa ni kuamua kama wanawataka majirani hawa. Mikono ikanyooshwa, kwanza ya wanawake, kisha ya wengine.

Mwaka wa kwanza tembo walikula mahindi yote. Ghati alisimama katikati ya mabua yaliyokanyagwa, akalia waziwazi, na Mokami akajilaumu kwa kumtoa kwenye migomba. Majirani wakawafundisha kuzungushia kamba yenye matambara yaliyolowekwa pilipili na oili chafu, na kupanda ufuta, ambao tembo hawaupendi sana. Mwaka wa pili walivuna. Si kwa wingi, lakini walivuna.

Tarime haijamtoka Mokami. Baridi ya asubuhi anaikumbuka, na Kikurya cha sokoni. Kiikoma, lugha ya huku, anakiongea vibaya, na majirani humrekebisha wakicheka. Nyamhanga alikuja kuwaona mara moja, akala ugali wa mtama, akaondoka bila kuligusia tena suala la kaburi.

Hati ya kimila ya shamba lao ilitoka kiangazi. Lilian aliileta mwenyewe, akawakuta wakipepeta ufuta. Ghati alifuta mikono kwenye kanga, akaisoma kwa sauti taratibu, jina la Mokami, kisha lake. Akalirudia lake.

"Iweke ndani," Mokami alimwambia, "upepo umekuja." Wakaendelea kupepeta.