Mikono Iliyoshushwa

Siku yangu ya kwanza ya ubaunsa, kwenye mlango wa ukumbi mmoja wa sherehe hapa Lewisham, ughaibuni, Msimamizi wa Zamu alinitazama miguuni kabla ya kunitazama usoni. Alikuwa Mkenya, bondia mstaafu, pua imepinda.

"Viatu gani hivi, bwana? Unaenda kanisani? Ukiteleza, umekwisha."

Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba misuli peke yake haiamui. Hushinda aliyesimama vizuri, mwenye pumzi, ambaye hajalewa, na mwenye wenzake karibu. Mtu akianza kuvua koti ili apigane, mikono yake imefungwa na koti lenyewe. Mkamate hapo hapo. "Wengi hushindwa kabla ya ngumi," alisema. "Subiri mikono ishuke."

Nililinda duka Kilburn kwa miaka kadhaa, nikaona alisema kweli. Kisha nikahamishiwa Thamesmead, kwenye ukumbi wa harusi. Mkuu wa Ulinzi wa pale alipenda maneno kuliko nguvu. "Mzee, ukiona umepigana, ujue kazi imekushinda." Nilimcheka kimoyomoyo.

Alasiri moja, Mtanzania mmoja, mdogo wake bwana harusi, aligombana na mpiga picha pale mlangoni. Alikuwa mrefu kuliko mimi, mwepesi, na hakuwa amekunywa. Ngumi zilikuwa juu tayari.

"Wewe! Tulia!" nikamwambia kwa Kiswahili.

Akageuka. Alipoziona mvi zangu alishusha mikono, akainamisha kichwa. "Shikamoo, mzee."

Mimi niliona mikono tu. Nikamkamata, nikamzungusha, nikamwangusha kwenye ngazi. Kifundo cha mkono wake wa kulia kikavunjika.

"Mzee," alisema akiwa pale chini, "si nilikuamkia?"

Mkuu wa Ulinzi alikuja mbio, akamwona. "Haya, umeshinda," akaniambia. "Umemshinda nani?"

Kijana yule alikuwa kinyozi. Mkono haukupona sawasawa, akaiacha kazi.

Sasa nimestaafu. Vijana wanaoanza kazi hii huniuliza nani hushinda, nami huwaeleza habari za miguu na pumzi. Kisha huwaambia kwamba mtu ambaye angeweza kunipiga nilimshinda kwa sababu yeye alikuwa na adabu, mimi sikuwa nayo.

Huwa nakutana na kijana yule sokoni Lewisham. Bado huniamkia, ila husimama mahali ambapo mkono wangu haumfikii. Nami hujibu, "Marahaba." Siku ile sikumjibu.