Wanyama Wanne kwenye Shuka

Chumba chetu cha ibada kule Rågsved, Sweden, kilinuka makoti ya sufu yaliyolowa theluji na kahawa iliyokaa mno kwenye chupa. Kilikuwa chini ya ghorofa, madirisha yake yakitazama miguu ya wapita njia, na kila Jumapili tulibanana humo Warundi, Wakongomani na Waganda, kila mtu na Kiswahili chake. Majira ya baridi niliyotimiza miaka tisa alikuja mhubiri mgeni akiwa na shuka jeupe lililochorwa wanyama wanne wakitoka baharini. Wa nne ndiye aliyenitisha zaidi, kwa meno yake ya chuma na pembe ndogo yenye macho ya mtu. Mhubiri aliigonga pembe ile kwa fimbo, akasema mnyama huyo yuko njiani na majira ya joto hatutayaona. Watu wazima waliitikia amina, wakaenda kunywa kahawa.

Mimi nilibaki nimekaa. Baba alikuwa bado Bujumbura, akijificha nyumba hii na ile, na mama alikuwa ameniambia karatasi zake za kuja Sweden zingetoka majira hayo hayo ya joto. Nilipiga hesabu nikaona dunia itamalizika kabla sijamwona. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani.

Barua zetu zilikwenda kwa mkono, na jirani yetu Mama Nakato, Mganda, alikuwa anasafiri kwenda Bujumbura kesho yake. Alasiri ile nikaona bahasha ya mama mezani, haijafungwa. Nikaingiza karatasi yangu. Nilimwandikia baba aondoke mara moja, hata kwa miguu. Nilitaja nyumba alimojificha, kama nilivyosikia wakubwa wakinong'ona, nikataja hata jina la kamanda wa askari waliokuwa wakimtafuta, ili Mungu asikosee mtu wa kumzuia. Nilikuwa mtoto mwenye mipango. Kisha nikailamba bahasha, nikaifunga vizuri.

Mama alipokuja kuichukua, aliipima kwa kiganja. "Nani amefunga hii?"

Nikamjibu kwa Kiswidi, kama kawaida yetu watoto: "Det var jag." Ni mimi.

Aliichana, akasoma, akakaa chini palepale sakafuni. Nilisubiri kofi. Badala yake aliirarua karatasi yangu vipande vidogo vidogo.

"Weye mtoto, ungemuua baba yako."

Nikamweleza kuhusu shuka, nikilia. Alininyamazisha, akatoa barua za baba kabatini. Nilizijua zote. Fisi wamehamia mtaa wa pili, chui kalewa amelala, ng'ombe wa mjomba wamevuka salama. Siku zote nilidhani baba ananitungia hadithi.

"Fisi ni askari, mwanangu," mama alisema. "Barua zinafunguliwa njiani, hata za mkono. Angeandikaje?"

Kabla ya vita mama alikuwa mwalimu wa dini sekondari, ingawa hapa alikuwa akiogesha wazee katika makao ya wazee kule Vällingby. Jioni hiyo sauti yake ya darasani ilirudi.

"Na wale wa kwenye shuka ni vilevile. Ni tawala zilizofuatana, Babeli, Wamedi, Waajemi, mpaka Wagiriki. Ile pembe ndogo ni mfalme wa Kigiriki aliyetawala kutoka Shamu. Aliwakataza Wayahudi Sabato na tohara, akalinajisi hekalu lao. Nani angethubutu kumwandika kwa jina? Wakaandika mnyama, wakasema ni maono ya mtu wa kale aliyeishi Babeli, wapate kutiana moyo."

"Huyo mfalme alishakufa?"

"Kabla Yesu hajazaliwa."

"Na pembe yake?"

"Nayo."

Nilicheka huku machozi yakinitoka. Mzigo uliokuwa kifuani ulishuka wote mara moja, nikaomba chakula.

Baadaye niliyasoma mambo haya chuo kikuu. Mizizi ya maandishi ya aina hii ilianza kabla ya mfalme yule: imo katika maono ya manabii wa wakati wa uhamisho wa Babeli, na wengi wanasema imo pia katika fikra za Waajemi kuhusu nuru na giza. Lakini lililonifurahisha zaidi ni kosa moja. Mwandishi wa kitabu kile cha Biblia anasimulia vita vya wafalme kwa usahihi mpaka siku zake, halafu anaanza kubahatisha, na anakosea mahali mfalme atakapofia. Hapo ndipo wasomi wanapomkamata, wakajua aliandika lini. Hata hivyo mfalme alikufa kweli, na watu wakalirudia hekalu lao wakalisafisha. Baba naye alikuwa ameandika kwamba Pasaka tungekula pamoja. Alitua Oktoba, amevaa koti jepesi la kutia aibu kwa baridi ile, akaninyanyua palepale uwanja wa ndege ingawa nilishakuwa mzito.

Sasa anaishi Hässelby, ana simu yenye habari za dunia nzima, na hakuna anayefungua barua zake. Kila vita vinapozuka hunipigia: "Mwanangu, safari hii ndio mwisho wenyewe." Namwacha amalize, kisha namuuliza Jumapili atakuja kula saa ngapi. Hunitajia saa.